Milio Miwili ya Ijumaa

Bwera, Jumatatu, 4 Machi 2024

Kwa Phionah,

Salamu. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Kasese, wewe na kazi yako. Sisi hapa tunapumua. Goti langu linauma siku za mvua kama kawaida. Mama mkwe wako Erina si mgonjwa wa kulala kitandani, ila chakula hakimpiti, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu tulipoongea mwezi wa kumi na mbili tulitupiana maneno ambayo mpaka leo hayajanishuka kooni. Kwenye karatasi mtu anaweza kufuta. Asuman dereva atakuletea barua hii, na majibu umpe yeye.

Shida ni pikipiki ya Mumbere. Tangu tulipoitoa kando ya mto Lhubiriha, siku ile maji yalipomchukua mwanangu, imesimama kwenye baraza yangu. Kila Jumatatu naiwasha robo saa ili betri isife, basi. Sasa karibu mwezi mzima alamu yake inalia yenyewe. Hakuna mtu anayeigusa. Hakuna paka, hakuna upepo. Inalia mchana kweupe, watu wakiwa wameketi. Ijumaa iliyopita katekista alikuwa hapa anasali na Erina. Ilipolia alifunga Biblia akaaga, hata Amina hakuifikia.

Majirani wanasema niichome moto. Erina amewaambia atakayekuja na kiberiti aanze na yeye. Anasema ni Mumbere anapiga hodi kwa sababu hatujamzika. Miezi minne, Phionah, na hatujapata hata kiatu chake.

Alamu hiyo uliifunga wewe kwa mikono yako, na ndiyo kazi yako. Niandikie namna ya kuinyamazisha bila kuiharibu. Sikuiti uje. Nataka maelezo tu.

Eridadi, baba yake Mumbere


Nyamwamba, Kasese, Alhamisi, 7 Machi 2024

Kwako Baba,

Nakusalimu kwa heshima, na Mama namsalimu. Pole na goti. Mimi ni mzima, ingawa hukuuliza sana. Nalala, naamka, nafungua kibanda, nafunga alamu mbili tatu kwa siku. Kila ninayoifunga lazima niijaribu mbele ya mwenyewe. Inapolia nageuza uso kidogo, wateja wanadhani sauti inaniumiza masikio.

Sasa sikiliza vizuri. Fungua kiti cha pikipiki kwa ule ufunguo mdogo. Chini yake utaona kiboksi cheusi, kadiri ya kiberiti, nilichokizungushia tepu. Pembeni kina tundu, na ndani ya tundu kuna skrubu ndogo. Hiyo ndiyo inayoamua alamu ishtuke kwa mtikisiko mkubwa kiasi gani. Nilimwekea kali kwa sababu alikuwa anaiacha sokoni. Izungushe nusu mzunguko kwenda kushoto. Baada ya hapo fuata waya unaokwenda kwenye king'ora, chomoa soketi yake, kama ina maji au kutu ifute kwa kitambaa kikavu uiache juani. Waya mweusi ulioshikwa na boliti kwenye chuma, kaza boliti yake. Waya mwekundu usiuguse kabisa.

Betri ikiwa dhaifu nayo huifanya alamu ipige kelele bila sababu. Mwambie fundi yeyote hapo Bwera akupimie.

Na kabla ya yote, Baba, niambie inaliaje. Inalia kwa kelele ndefu isiyokoma, au vipi? Ukiniambia hivyo nitakuwa nimejua nusu ya ugonjwa.

Mwambie Mama ale.

Mkaza mwanao, Phionah


Bwera, Jumamosi, 9 Machi 2024

Kwa Phionah,

Salamu tena. Barua yako ilifika Alhamisi hiyohiyo. Uko sawa, sikuuliza habari zako. Sasa nauliza.

Nimefanya kila ulichoandika, kwa utaratibu ulioandika. Skrubu nimezungusha nusu mzunguko. Soketi ilikuwa kavu. Boliti ya waya mweusi ilikuwa imekaza mpaka nikatoka jasho. Fundi amepima betri, anasema iko na nguvu kuliko yeye. Jioni ya Alhamisi nikaipiga pikipiki teke la kijeshi kwenye gurudumu. Kimya. Nikamwambia Erina, imepona.

Jana Ijumaa, saa nne na dakika ishirini, ikalia.

Nilikuwa nimekaa mbele yake, sikuondoa macho. Hailii kelele ndefu. Inalia mara mbili, fupi, kama mtu anayeita kwa mdomo. Na ikilia, taa za indiketa zinawaka pande zote mbili, mara mbili, halafu basi. Baada ya dakika moja ikarudia. Erina alikuwa anachambua maharage. Aliinua kichwa akajibu, "Nipo, baba. Nipo hapa." Kisha akaendelea kuchambua. Phionah, mimi nimekaa jeshini miaka kumi na tisa na nimeona watu wamekufa kwa namna nyingi, lakini jana nywele za mkono wangu zilisimama.

Nimekumbuka pia kwamba ni Ijumaa tu. Nimehesabu nyuma kwenye kalenda. Siku nyingine haijawahi. Ijumaa ni siku ya soko la Mpondwe, watu ni wengi barabarani, nikafikiri labda ni malori yanayotikisa ardhi. Lakini Jumanne nayo ni soko na malori ni yaleyale.

Aliyeongea na Mumbere mwisho ni wewe. Sijui kwa nini nimeandika hilo. Sifuti.

Eridadi


Kasese, Jumatatu, 11 Machi 2024

Baba,

Natumaini mko salama. Naandika haraka, Asuman ananingoja na abiria wananung'unika.

Milio miwili mifupi na taa mara mbili si ugonjwa. Alamu haiwezi kufanya hivyo yenyewe. Ikishtuka inapiga kelele ndefu. Milio miwili ni jibu. Rimoti ina kitufe cha chini, chenye alama ya kengele, kwa ajili ya mtu aliyeegesha kati ya pikipiki nyingi asiione ya kwake. Akikibonyeza, pikipiki inaitika. Kuna mtu anaita, Baba, na pikipiki inaitika.

Huenda ni rimoti iliyo kwako, ile inayoning'inia na ufunguo. Huenda kitufe kimekwama, au Mama anaishika bila wewe kuona. Ifungue kwa ncha ya kisu, toa kabetri ka duara kalikomo ndani, ukae nako mfukoni mwako mpaka Ijumaa ipite.

Ikilia tena, niandikie siku hiyohiyo. Rimoti zilikuwa mbili. Unajua ya pili ilikuwa kwa nani.

Usimwambie Mama bado.

Mwanao, Phionah


Bwera, Ijumaa, 15 Machi 2024

Phionah,

Sina salamu ndefu leo. Kabetri kako mfukoni mwangu, nakashika kwa mkono wa kushoto ninavyoandika.

Imelia saa nne na nusu. Imelia mara nne, kila mara milio miwili.

Nilikimbia mpaka barabarani na goti langu hili. Watu wa soko walikuwa wanapita kama siafu: wanawake na mabeseni ya samaki, vijana na viroba vya kahawa, Wakongo na madumu ya mafuta ya mawese. Nilisimama katikati nikitazama mikono ya watu. Nilimtafuta kwa urefu wake, kwa mabega yake. Nilimwita. Watu walinipisha kama wanavyompisha mwendawazimu.

Sasa nakuuliza kama baba, na unijibu kama mtoto aliyelelewa kambi ya jeshi akafundishwa kusema ukweli mbele ya mkubwa. Mwanangu yuko hai? Amekukimbia, amejificha ng'ambo, anakuja kila Ijumaa kuangalia kama pikipiki yake bado ipo? Kama ni hivyo niambie. Sitamchapa. Sitakulaumu. Mtu hai anayetoroka ninamtaka kuliko maiti nisiyoiona.

Erina amesikia nikiita jina la mwanawe barabarani. Ametoa godoro la Mumbere juani.

Eridadi


Kasese, Jumapili, 17 Machi 2024

Baba yangu,

Nakusalimu. Nimetoka kanisani na sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Sijui kama yuko hai. Naapa. Angekuwa amenikimbia ningefurahi, ningemtukana siku nzima na kufurahi. Lakini kuna jambo sikukuambia, na ndilo lililonifanya nikutukane kwenye simu, kwa sababu nilidhani unalijua.

Siku ile alinipigia kutoka Kasindi, ng'ambo, upande wa Kongo. Alikuwa amekwenda kunichukulia king'ora cha mteja. Akasema foleni ya darajani ni ndefu, askari wanapekua kila mtu, na mawingu yamekaa juu ya mlima, labda alale huko arudi kesho. Mimi nikamwambia mteja wangu anaondoka asubuhi, nisiaibishwe. Nikasema, "Si huwa mnavuka kwa miguu kule chini? Kwani leo maji yameota meno?" Alicheka. Akasema, sawa mama, navua suruali sasa hivi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho duniani, Baba, na mpaka leo nikiyasikia nacheka kwanza halafu ndiyo nalia.

Alikuwa anavuka na vitu vyake ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, amezifunga nguo na simu ili zisilowe. Nina uhakika rimoti ilikuwa humo. Kwa hiyo rimoti ikifika mkononi mwa mtu ikiwa kavu, haimaanishi kwamba Mumbere naye alifika. Tafadhali lirudishe godoro ndani kabla Mama hajazoea kulitazama.

Huyo mtu tunaweza kumpata. Rimoti ile haifiki mbali, hatua themanini hivi mahali pa wazi. Ukuta unaipunguza, bati linaipunguza zaidi. Isukume pikipiki uiingize kwenye kile chumba cha bati cha nyuma, ufunge mlango. Atabonyeza barabarani asisikie kitu. Kama ana haja kweli, atasogea. Wewe usikae na pikipiki. Kaa mahali unapoiona njia.

Usiende peke yako na usiende na panga. Nakuomba. Ukitaka nije, andika neno moja tu.

Mwanao aliyekukosea,
Phionah


Kasese, Jumapili ya Pasaka, 31 Machi 2024

Baba,

Pasaka njema kwako na kwa Mama. Wiki mbili sasa umenyamaza. Simu yako haipatikani. Asuman anasema alipita mara mbili akakuta mlango umefungwa kwa kufuli na kuku wanazurura.

Kama umenikasirikia kwa yale niliyoandika, kasirika, una haki. Lakini niandikie hata tusi. Leo nimejikuta nazunguka mji wa Kasese nikisikiliza pikipiki za watu.

Phionah


Bwera, Jumatano, 10 Aprili 2024

Mwanangu Phionah,

Salamu nyingi, na samahani kwa kimya. Mimi na mama yako ni wazima. Barua hii nimeianza mara nne. Leo nitaimaliza. Asuman yuko kwenye Idi na watu wake, atakuletea kesho.

Nilifanya kama ulivyosema. Ijumaa ile, tarehe ishirini na mbili, niliisukuma pikipiki kwenye chumba cha bati, nikafunga. Nilikaa nyuma ya ua wa miti ya miyenzi, karibu na lango. Panga sikuchukua. Nilichukua fimbo ya goti.

Saa nne na robo akaja mtu. Umri wa miaka arobaini hivi, buti za mpira, dumu la mawese begani. Akasimama kwenye nguzo ya umeme, akaingiza mkono mfukoni. Hakuna sauti. Akatazama baraza, akaona pikipiki haipo. Phionah, nilimwona mtu huyo akishtuka kama aliyeibiwa. Akasogea hatua chache, akabonyeza. Akasogea tena. Alipofika langoni kwangu, ndipo kule nyuma ikaitika, mara mbili. Akatua dumu chini, akavua kofia.

Nikatoka. Sauti ya jeshi ilinirudia, sikuiita. "Simama! Mikono juu!" Alipiga magoti mwenyewe kabla sijamfikia. Nilimkamata shingoni. Nikamwambia, "Mwanangu yuko wapi? Umemuua wapi?"

Akasema, "Papa, mi sikumuua. Nilimukuta tu. Maji ilikuwa imemumaliza."

Anaitwa Célestin. Shamba lake la kahawa liko ng'ambo, mto unapopinda kwenda chini. Asubuhi baada ya yale mafuriko alikwenda kuangalia miche, akakuta mtu amenasa kwenye matete. Kavera ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mkono wake. Ndani mlikuwa na nguo, viatu, simu iliyozimika, king'ora kipya, na rimoti. Kitambulisho hakikuwemo. Unajua wanaovuka pale hawabebi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa bado nimemshika.

"Woga, papa. Kwetu ukikutwa na maiti ya mutu usiyemujua, ule wa kwanza kufungwa ni weye. Niko na watoto. Nikamuzika na ndugu yangu. Lakini usingizi ukakataa. Nilikuwa najiambia, huyu iko na mama yake fasi fulani. Nikafikiri, hii kitu ni ya moto, na ile moto iko na nyumba."

Moto ni pikipiki kwa lugha yao. Mtu huyo, Phionah, kuanzia mwezi wa kwanza alikuwa anakuja soko la Ijumaa na kupita barabara moja baada ya nyingine, Mpondwe na Bwera yote, anabonyeza na kusikiliza. Mwezi wa pili ikaitika hapa kwangu. Akamwona Erina ameketi barazani, akashindwa kuingia. Akarudi Ijumaa iliyofuata, akashindwa tena. "Nilikuwa naambia miguu, leo tunaingia. Miguu inakataa. Sasa nilikuwa nabonyeza tu, ili mujue kama kuko mutu."

Hapo ndipo nilipomwona Erina amesimama nyuma yangu. Sijui alisikia tangu wapi. Aliniambia, "Mwachie shingo." Nikamwachia. Akamuuliza, "Ulimfunika?"

"Blanketi, mama. Ile yangu ya kulalia."

"Na macho?"

"Niliyafunga."

Erina akakaa chini pale pale kwenye mchanga. Kisha akaniambia nikamwekee mgeni chai.

Siku ya pili tulivuka naye, kwa daraja, tukapanga foleni kama watu. Kaburi liko mwisho wa shamba lake. Amelizungushia mawe ya mtoni na kupanda mgomba mmoja ili mvua isilichimbe. Erina alikataa kuondoka. Tulikaa siku tisa nyumbani kwa Célestin, tukila chakula cha mke wake, na kila asubuhi mama yako alikuwa anakwenda kuketi pale na kuongea. Mimi nilikuwa nahangaika na karatasi: mwenyekiti wa kijiji wa huku, mkubwa wa kule, polisi wa pande mbili, daktari, kila mmoja na muhuri wake. Célestin niliandikiana naye maelezo mbele yao wote, nikatia sahihi mimi kama baba wa marehemu, kwamba huyu mtu hakutudhulumu. Simu yangu ilikufa chaji nikaiacha ife.

Sasa kuhusu ile barua yako. Niliisoma tena kule, nimekaa kwenye mawe ya kaburi. Nilikasirika. Sitakuficha, niliikunja nikataka kuitupa mtoni. Halafu nikakumbuka ni nani aliyemwonyesha Mumbere mahali pale pa kuvukia. Alikuwa na miaka saba, nilimbeba begani, nilikuwa likizo. Nilimwambia, ukijua njia hii hutahitaji kumwomba askari yeyote ruhusa, hata baba yako. Alijivunia jambo hilo mpaka akawa mtu mzima. Miezi hii yote nilikuwa nakulaumu wewe ili nisifike kwenye siku ile.

Hayo tumeyasema. Hayawezi kumfufua, lakini angalau sasa tunayabeba wawili.

Yuko njiani kuja nyumbani. Karatasi ya mwisho imetoka leo. Tutamzika Jumamosi hii, tarehe kumi na tatu, nyuma ya nyumba, upande wa kahawa. Célestin ameomba awe miongoni mwa wachimbaji. Baadhi ya ndugu walinung'unika, Erina akawanyamazisha kwa kuwatazama tu.

Nisikufiche na hili. Jana mama yako alikaa barazani asubuhi yote, akisikiliza. Nikamwambia, leo ni Jumanne, na mwenye rimoti yuko kwake, na rimoti yenyewe ameturudishia, iko kabatini. Akasema anajua. Akaendelea kusikiliza. Mimi nami nilikaa karibu naye, na sitakudanganya, nilikuwa nasikiliza pia.

Nafasi ya mke kaburini hakuna mwingine wa kuisimamia. Naomba uje.

Baba yako,
Eridadi


Kasese, Alhamisi, 11 Aprili 2024

Baba yangu na Mama yangu,

Nawasalimu kwa mikono miwili. Barua nimeipokea saa saba, nimefunga kibanda saa saba na nusu. Mteja alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake anangoja nimalizie. Nilimwambia mume wangu amepatikana. Akanipa hongera, sikumsahihisha.

Nitapanda gari la kwanza kesho. Nakuja na shuka jeupe na lile koti lake la bluu aliloliacha kwangu. Mwambie Célestin asiondoke hata kama ndugu wanamtazama vibaya. Nataka anisimulie mwenyewe, tangu alipoyaona matete. Nataka kujua alikuwa amelala upande gani.

Najua wazee watasema sanduku lisifunguliwe, kwamba miezi mitano si haba, kwamba nimkumbuke alivyokuwa. Baba, mimi namkumbuka akicheka kwenye simu na sijui alikokwenda baada ya hapo. Nimeishi na sauti bila mtu. Mwambie yeyote atakayesema hivyo kwamba umeniruhusu wewe.

Msimfukie kabla sijafika.

Mwanenu,
Phionah